Kanga Mia na Themanini na Wanawake Watatu Waliojitoa

Wauza kanga Mtaa wa Uhuru wako wengi, lakini mwenye ugomvi wa maana alikuwa akienda kwa Kuruthumu binti Uledi. Miaka kumi na saba meza yake ilikuwa palepale, barazani mwa duka la masufuria, na mteja hakuhitaji kujieleza sana. Angesema tu, "Kuruthumu, nina wifi," naye Kuruthumu angechomoa doti moja katikati ya rundo bila hata kulitazama rundo lenyewe. Mwenye jirani mmbeya alipewa yake. Mwenye mume asiyejua njia ya kurudi nyumbani alipewa yake. Mwenye mama mkwe, kwa kuwa adabu ina mipaka na ndoa ni kitu cha kuombea, alipewa kanga ya dua, ila ni dua ambayo mama mkwe akiisoma mara ya pili, siku hiyo hali chakula.

Na mtu asidhani maneno hayo yote yalikuwa yakitoka kiwandani. Wakala wa kiwanda akija na marobota ya kanga alikuwa akikaribishwa kigoda, anaagiziwa soda, halafu anatoa kalamu. "Dada Kuruthumu, wiki hii mjini wanasemaje?" Naye Kuruthumu alikuwa akisema. "Jirani punguza masikio, ongeza chumvi mchuzini" ni yake. "Silii wivu, nakata vitunguu" ni yake. Nusu ya wanawake wa Ilala walikuwa wakitukanana kwa kinywa chake bila kujua. Malipo yake yalikuwa ahsante, tena ya mdomo, maana ya maandishi ingeweza kuleta matatizo.

Basi mwaka jana kiwanda kikatangaza kazi: mtunzi wa maneno ya kanga. Kuna ofisi, kuna feni, kuna kiti chenye mgongo, na kila kanga itakayotoka itaandikwa jina la mtunzi pembeni kwa herufi ndogo. Wakala alimletea tangazo hilo mkononi. Kuruthumu akalisoma huku anacheka kwa raha, mpaka akafika mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ulisema mwombaji awe amefaulu Hisabati kidato cha nne, na asiyefaulu atafanya jaribio.

Hisabati. Ya kutungia kijembe. Haya bwana.

Alikwenda mwenyewe mpaka ofisi za kiwanda, ghorofa ya nne, upande wa Mnazi Mmoja, kuuliza kama si makosa ya uchapaji. Akapokewa na afisa utumishi, kijana wa miaka ishirini na minane anaitwa Zakayo, aina ya wale wanaovaa kitambulisho shingoni hata wakienda msalani. Zakayo alimwamkia vizuri, hilo tumpe. Kisha akamweleza kwa upole unaotumika kwa wagonjwa kwamba kanga ina vipimo, na herufi lazima zigawanyike sawasawa kwenye upana wake, bila nusu wala robo. Kwa hiyo mtunzi wa siku hizi lazima ajue milinganyo, ajue namba kamili, ajue kuvunja vigawo.

"Mwanangu," Kuruthumu akasema, "maneno yangu yamekuwa yakienea kwenye kanga zenu miaka kumi na saba."

"Ni kweli, mama. Ila sasa tuna mfumo."

Mtu akishasema ana mfumo, ndiyo basi tena, hata Mungu anasubiri foleni.

Sasa, Kuruthumu na Hesabu walikuwa hawasalimiani tangu zamani. Alipokuwa na miaka kumi na minane, mwalimu wake wa kidato cha nne alimrudishia karatasi mbele ya darasa zima, ina sifuri ya duara safi kabisa, akamwambia kichwa chake ni cha kufungia kanga tu. Darasa likacheka. Na yeye akacheka, kwa sababu ukichekwa na watu arobaini ni nafuu uwe wa arobaini na moja. Kisha, kwa utii ambao walimu wachache hubahatika kuuona, akaenda akauza kanga. Watu walimwona ana ulimi, ana maneno, hana haya. Hawakujua kwamba mwanamke huyo kila akishika kalamu mbele ya namba, moyoni alikuwa anaamini kabisa kwamba yeye ni mjinga na ulimi wake ni wa kuficha ujinga huo. Alikuwa anaamini hivyo kwa miaka ishirini na mitatu.

Ndiyo maana kazi hii aliitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, mume wake wa zamani akiwemo. Na ndiyo maana alikwenda tuisheni.

Mwalimu Leodegar alikuwa mstaafu, mzee wa Rombo, miaka sitini na saba, mwenye chumba cha kufundishia ghorofa ya tatu Mtaa wa Mkunguni. Mchana watoto wakiwa shuleni alikuwa na nafasi, kwa hiyo Kuruthumu alipanda ngazi hizo kila siku saa sita, meza akimwachia jirani yake Nasma, muuza vitenge. Nasma ni rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli hakosi la kusema. "Shoga yangu," alimwambia siku ya kwanza, "hedhi inakaribia kukatika ndiyo unaanza shule?"

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kumkumbusha kujumlisha na kutoa namba hasi, na haina hadithi, ina machozi tu. Wiki ya pili Mwalimu Leodegar akafuta ubao, akajipangusa chaki, akasema, "Leo, mama Kuruthumu, tunaingia kwenye mafumbo."

Kuruthumu akavuta kiti mbele. Mafumbo? Kumbe hesabu nayo ina mafumbo? Kwa mara ya kwanza tangu apande ngazi zile alijisikia yuko kwao. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua, na kama kuna mwerevu wa kung'amua fumbo Kariakoo nzima, yuko hapa amekaa.

Mwalimu akaandika ubaoni: Bustani ya mstatili ina urefu unaozidi upana wake kwa mita nne. Eneo lake ni mita za mraba tisini na sita. Tafuta upana.

Kuruthumu akalisoma. Akalisoma tena. Akainamisha kichwa upande, kama afanyavyo akiletewa na mteja kanga aliyotumiwa na mke mwenza, aulizwe maana yake.

"Mwalimu, hii bustani ni ya nani?"

"Ya mtu yeyote."

"Hapana, Mwalimu. Mtu hawezi kuzunguka hivi kwa bustani ya mtu yeyote. Huyu ameujua urefu unavyozidi, amelijua eneo lake, upana ndio asiujue? Anaujua huyu. Hataki kuusema. Sasa anamficha nani?"

Mwalimu Leodegar alikuwa amefundisha miaka thelathini na minane, amefundisha watoto wa mawaziri na watoto wa wapagazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akavua miwani.

"Mama, fumbo la hesabu halimlengi mtu."

"Halimlengi mtu?"

"Hakuna anayesemwa. Limefumbwa tu."

Kuruthumu alilitafakari jambo hilo kwa huzuni ya kweli. Kufumba maneno bila kumlenga mtu, kwake yeye ilikuwa sawa na kupika pilau ukaimwaga. Lakini kazi aliitaka. Akashika kalamu.

Wakaupanga mlinganyo. Upana wauite x, urefu ni x na nne, ukizizidisha zinakuwa tisini na sita. Mwalimu akamwonyesha kwamba ili kuvunja vigawo anatafuta namba mbili: zikizidishwa zitoe tisini na sita, na zikitofautiana zipishane nne. Akalieleza mara tatu kwa lugha ya vitabu, na mara tatu Kuruthumu akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Mara ya nne akamkatiza.

"Subiri, Mwalimu. Hawa ni mke na mume."

"Nani?"

"Hizo namba mbili. Wakilala pamoja wanazaa tisini na sita. Wakigombana, inabaki nne."

Mwalimu Leodegar, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, akatazama mlangoni kama kuna mtu anayesikia. Kisha akasema taratibu kwamba, ndiyo, inaweza kuelezwa hivyo.

"Basi ni nane na kumi na mbili," Kuruthumu akasema, na hakuandika hata kitu. Miaka kumi na saba ya kuoanisha watu na maneno yao haikwenda bure. Mwalimu akampa nyingine, akawaoanisha. Akampa nyingine, akawaoanisha hao pia. Kufika saa nane mchana alikuwa amefungisha ndoa kumi na moja.

Kilichomsumbua ni majibu kuwa mawili. Mlinganyo ule wa bustani ulitoa nane, na ulitoa pia hasi kumi na mbili, kisha Mwalimu akaifuta hasi kumi na mbili kwa kiganja bila hata kuomba radhi.

"Kwa nini tumehangaika kumtafuta halafu tunamfukuza?"

"Kwa sababu hakuna bustani yenye upana wa hasi kumi na mbili."

"Sasa kwa nini ametokea?"

"Mlinganyo haujui kwamba unazungumza habari za bustani, mama. Unajua namba tu. Kujua bustani ni kazi yako wewe."

Neno hili Kuruthumu alilipenda, akaliandika kwenye jalada la daftari. Alilipenda kwa sababu ndilo la kwanza katika Hesabu lililosema yeye ana kazi. Akashuka ngazi siku hiyo akiwa na furaha ya kipuuzi, akamkuta Nasma amemuuzia doti tatu tu tangu saa sita, na hakumgombeza.

Jaribio likawa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Walikuwa watu sita, watano kati yao vijana wenye vyeti kwenye mabahasha ya kaki, na Kuruthumu na baibui lake. Maswali matano, dakika tisini, na wa kupita ni aliyepata matatu. Zakayo akagawa karatasi kwa uzito unaofaa kugawia hukumu za kunyongwa, akakaa mbele na saa yake mezani.

Swali la kwanza lilikuwa la kitambaa cha meza, urefu unazidi upana. Hao walikuwa ni ndugu wa bustani, akawamaliza. La pili lilitaka namba mbili zinazofuatana, zikizidishwa ni mia moja thelathini na mbili: mke na mume wanaogombana kwa moja tu, ndoa nzuri sana, kumi na moja na kumi na mbili. La tatu lilikuwa la asilimia likamshinda, na la nne lilikuwa la duara likamshinda zaidi. Tusidanganyane hapa. Hayo alikosa kwelikweli, kwa haki, hakuna njama.

Ikabaki la tano. Ukihesabu vizuri, na kwa mara hii hata yeye alihesabu vizuri, maisha yake yote yalikuwa yamekalia swali la tano.

Lilisema hivi: Kanga 180 zilikuwa zigawanywe sawasawa kwa wanawake wa kikundi. Wanawake watatu wakajitoa. Kwa hiyo kila aliyebaki akapata kanga tatu zaidi. Kikundi kilikuwa na wanawake wangapi mwanzoni?

Kuruthumu alitaka kucheka. Maswali yote ya dunia, limemkuta la kanga. Aliyelitunga bila shaka alijiona amewahurumia. Jambo la kwanza alilotaka kujua ni kwa nini wale watatu walijitoa, maana wanawake hawaachi kanga za kugawana bila kisa, lakini akajikumbusha kwamba fumbo hili halimlengi mtu, akaliacha. Akashika kazi.

Kanga mia na themanini. Sawa. Kiwanda kina desturi yake: robota likifika, karatasi yake imeandikwa idadi ya vipande. Na kila mwanamke anajua kipande si kitu cha kuvaa, kanga ni doti, vipande viwili visivyokatwa, kimoja cha kiunoni na kimoja cha kichwani. Kwa hiyo mia na themanini za kiwandani ni doti tisini. Hilo hata hakulifikiria, mkono uliandika wenyewe. Na kila aliyebaki akapata kanga tatu zaidi. Hapo wanaongea wanawake sasa, wanagawana. Mwanamke akikwambia harusini amepata kanga tatu, anamaanisha doti tatu. Angekuwa amepata vipande vitatu asingekwambia, angekuwa bado amenuna.

Akaupanga mlinganyo kama alivyofundishwa, akasafisha sehemu zote, ukambakia usafi wenyewe: wanawake wa mwanzo mara wanawake waliobaki ni tisini, na wanapishana watatu. Rahisi. Tafuta mke na mume wanaozaa tisini wakigombana inabaki tatu.

Tisa na kumi wanapishana moja. Sita na kumi na tano wanapishana tisa. Tano na kumi na nane, hao ndio wameachana kabisa. Akarudi tena kwa tisa na kumi, labda wamebadilika. Hawajabadilika. Akajaribu kulazimisha, akapata wanawake kumi na moja na vipandevipande vya mwanamke mwingine, kitu ambacho polisi wangetaka kukijua. Jasho likaanza kumtoka chini ya ushungi. Sauti ya zamani ikamwambia, umeona? Umeona sasa? Kichwa cha kufungia kanga.

"Dakika ishirini," Zakayo akasema.

Kuruthumu akaweka kalamu chini. Akafumba macho. Alikuwa na hofu kubwa, hofu ya mtoto, ya kurudi nyumbani na karatasi ile. Na katikati ya hofu hiyo akajiuliza jambo ambalo alilijua kuliko namba zote: hili limetungwa na nani? Akafumbua macho, akamtazama Zakayo na kitambulisho chake na saa yake. Kijana wa namna hiyo amevaa kanga lini? Ameifunga wapi? Kwake yeye kanga ni kitambaa, moja ni moja. Hajui doti huyu. Hajui kwamba hajui.

Akaanza upya, safari hii kwa kichwa cha Zakayo. Mia na themanini vipande, tatu vipande. Mke na mume wanaozaa mia na themanini, wakigombana inabaki tatu. Kumi na mbili na kumi na tano. Walikuja wenyewe, wameshikana mikono. Mwanzoni wanawake kumi na tano, baadaye kumi na mbili. Kulikuwa pia na jibu lake la hasi, hasi kumi na mbili, akalifukuza, kwa sababu wanawake hasi wako wengi Kariakoo lakini hawahesabiki.

Mtu mwenye busara angeandika kumi na tano akakunja karatasi. Kuruthumu hakuwa mtu wa hivyo, angekuwa hivyo asingeuza kanga. Aliona wazi kwamba kama kila mwanamke ameondoka na vipande kumi na vitano, basi ana doti saba na kipande kimoja kisicho na mwenzake, na hilo halikumpa amani. Akaandika jibu, wanawake 15, akapigia mstari. Chini yake akaandika:

"Hili ni kweli ikiwa kanga maana yake ni kipande. Ikiwa 180 ni vipande kama mnavyoandika kwenye robota, na tatu ni doti kama tunavyosema wanawake, swali halina jibu la namba kamili, nimetafuta. Na kama ni vipande, basi kila mmoja amebaki na kipande kimoja asichojua akifanyie nini. Nadhani wale watatu waliliona hili mapema ndiyo maana walijitoa."

Majibu yalitolewa siku ileile saa saba. Zakayo aliwaita mmoja mmoja. Kuruthumu alipoingia, karatasi yake ilikuwa mezani ina wino mwekundu, na juu imeandikwa mbili na nusu.

"Mama, pole," Zakayo akasema. "Swali la tano jibu lako ni sahihi, kumi na tano. Ila umeweka maelezo yanayopingana na jibu, nikakata nusu."

"Kwa hiyo nina mbili na nusu."

"Hapana, una mbili. Mfumo haupokei nusu, unataka namba kamili. Ukiingiza nusu unashusha wenyewe."

Kuna mambo mtu akiyasikia anatamani yaandikwe kwenye kanga papo hapo.

"Maelezo yangu yana kosa gani?"

"Umesema kanga inaweza kuwa mbili. Mama, kanga ni kanga. Moja ni moja. Hii ni Hisabati, si mtaani." Alisema bila ubaya, hata alisikitika. Alikuwa na karatasi ya majibu pembeni, na karatasi ya majibu haikuwa na neno doti popote.

Angeweza kulia pale. Alikuwa karibu sana. Sauti ya zamani ilikuwa imeshaanza kumwambia ashukuru, aseme ahsante mwanangu, ashuke ngazi, acheke na wengine. Alifika mpaka kufungua mdomo aseme ahsante. Lakini aliijua ile bustani. Kwa mara moja katika maisha yake alikuwa mbele ya Hesabu na yeye ndiye aliyekuwa anajua, na kulimeza hilo akakataa.

"Naomba kitu kimoja, mwanangu, halafu naondoka. Stoo yenu si iko hapo chini? Piga simu. Agiza kanga kumi na tano."

"Za nini?"

"Za kuhesabu. Hisabati si kuhesabu?"

Zakayo akasita, akaona ni njia ya kummaliza mama wa watu bila kelele. Akainua simu ya mezani. "Mzee Shaibu, habari za kazi? Naomba uniletee kanga kumi na tano huku juu. Ndiyo, kumi na tano tu. Zozote."

Mzee Shaibu, mtunza stoo wa miaka mingi kuliko umri wa Zakayo, alichukua muda, maana lifti ya jengo hilo ni ya mapambo. Akaingia anahema, amekumbatia mzigo mpaka kidevuni, akautua mezani juu ya karatasi zote.

"Shikamoo Mzee Shaibu," Kuruthumu akasema.

"Marahaba, binti Uledi. Kumbe ni wewe."

Zakayo akaanza kuhesabu. Alichambua ya kwanza, akaifungua, ikawa na vipande viwili vimeungana. Ya pili, vivyo hivyo. Akahesabu zote kwa kidole, midomo ikicheza. "Mzee, umeleta thelathini."

"Thelathini gani?"

"Hizi. Nimesema kumi na tano."

Mzee Shaibu akazitazama kanga, akamtazama Zakayo, akazitazama tena kanga. "Si ndizo hizo kumi na tano? Hesabu vizuri, baba."

"Lakini kila moja ina mbili."

"Ndiyo kanga hiyo sasa," akasema Mzee Shaibu, naye akawa anaongea kwa ule upole wa kuongea na wagonjwa. "Ungetaka vipande ungesema vipande. Na ungesema vipande kumi na tano ningekuuliza kama una homa. Hicho kimoja cha mwisho nikukatie ukifanyie nini?"

Feni ikazunguka. Kuruthumu hakusema neno, na wanaomjua watakwambia hilo lilikuwa tendo gumu kuliko jaribio lenyewe. Zakayo akaivuta karatasi ya Kuruthumu kutoka chini ya mzigo, akayasoma yale maelezo yaliyoandikwa chini ya jibu, mara ya kwanza kwa kweli, pole pole, mpaka pale wanawake watatu walipojitoa. Hapo pembe ya mdomo ilimcheza, hilo nalo tumpe. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile mbili na nusu. Akaandika tatu. Akageukia kompyuta akaiingiza, na mfumo, kwa kuwa ni namba kamili, ukaipokea bila kinyongo.

"Jumatatu saa mbili, mama," akasema. "Hongera."

Alimshukuru, akaaga. Mpaka mlangoni alikuwa mzima. Mpaka ghorofa ya tatu alikuwa mzima, anashuka nyuma ya Mzee Shaibu anayerudisha kanga zake kumi na tano. Kwenye kona ya ghorofa ya pili akakaa ngazini na baibui lake, akaanza kulia.

Hakulia kwa furaha, ingawa furaha ilikuwepo. Alikuwa amemkumbuka msichana wa miaka kumi na minane, na karatasi yake yenye sifuri. Hakumbuki tena maswali yake yalikuwa nini. Mengine alikosa, bila shaka alikosa, duara lilikuwa duara hata enzi zile. Lakini ni mangapi alikuwa amejibu sawasawa, akakoseshwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa kanga? Hatajua kamwe. Hakuna karatasi, hakuna mwalimu, na siku ile hakukuwa na mtu wa kupiga simu stoo.

Mzee Shaibu akasikia, akapanda ngazi tatu kumrudia, na mzigo wake kidevuni. "Binti Uledi, si umepata kazi? Unaumwa?"

"Siumwi, Mzee wangu." Akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Nina hasira."

Mzee Shaibu akautua mzigo, akakaa naye ngazini.